Njia ya Kutoka Lami Hadi Mlangoni

Kwa miaka mingi lami kutoka Nairobi ilikuwa ikiishia Isiolo. Dereva wa lori la Marsabit au Moyale alisimama hapa, akakagua springi na tairi, akajaza maji mitungini, kisha akaingia katika kilomita zipatazo 500 za vumbi, mawe na makorongo. Hali hiyo ilikuwa na chanzo chake. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema waziwazi kwamba fedha za maendeleo zitangulie kwenda penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na njia za usafiri. Kaskazini, isiyokuwa na hayo, ikaachwa ingoje, na ilingoja zaidi ya miaka 40. Lami ilipovuka Isiolo hatimaye, ikapita Archer's Post, Merille, Marsabit na Turbi mpaka Moyale, watu wa huku waliipokea kama haki iliyochelewa.

Lakini nyumba hazijengwi juu ya lami. Anayeishi Burat, Ngare Mara, Kambi Garba au pembezoni mwa Kiwanjani huiacha barabara kuu akashika njia ya changarawe, nusu kilomita, moja, pengine mbili, hadi kwenye lango lake. Kila anayenunua lita ya petroli au dizeli nchini hulipa ushuru wa kutunza barabara, shilingi 25 tangu mwaka 2024, na fedha hizo hupitia Bodi ya Barabara ya Kenya kwenda kwa mamlaka zinazosimamia barabara zilizoorodheshwa. Njia ya kuingia bomani haimo katika orodha hiyo. Haina mhandisi wala bajeti. Ina watu wanaoipita: mama anayeongoza mkokoteni wa punda uliojaa mitungi ya maji, mtoto wa shule, mwenye bodaboda, gari lililobeba mgonjwa usiku.

Kwa hiyo siku moja huzuka swali ambalo wengi huliachia fundi na muuza vyuma: mwenye trekta afunge kifaa gani nyuma yake ili aitunze njia hiyo? Bei huulizwa, uzito hutajwa, na mazungumzo huishia hapo. Mimi naliona swali hili kuwa la kiutu pia, na namwomba msomaji subira nilipitie polepole. Katika kuchagua chuma cha kukwangua njia, mtu huamua jinsi atakavyoishi na maji, na jinsi atakavyoishi na jirani.

Tuanze na maji. Isiolo iko kaskazini mwa mlima Kenya, upande ambao mawingu hufika yakiwa yamekwisha kumwaga sehemu kubwa ya mzigo wao. Mvua za ganna hutarajiwa kati ya Machi na Mei, na zile za hagaya kati ya Oktoba na Desemba. Ukizijumlisha ni chache, lakini zikija huja kwa kishindo. Ardhi iliyokaukiana kwa miezi haizinywi upesi. Maji huteleza juu yake yakitafuta pa kushukia. Yakikuta njia iliyo chini kuliko ardhi ya kando, huigeuza laga. Kila mtu wa huku anaijua laga, ule mkondo wa mchanga ambao mbuzi hupita wakitafuna vichaka mwezi baada ya mwezi, kisha alasiri moja unabeba lori.

Kinga ya njia ni mgongo. Katikati yake pawe juu kuliko kingo, ili tone linaloanguka lisipate nafasi ya kusafiri kwa urefu wa njia. Kwa barabara ya changarawe wahandisi hutaka mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kutoka katikati kwenda ukingoni. Njia ya mita 4 kwa upana, ikipewa asilimia 5, itakuwa na kimo cha sentimita 10 katikati, upana wa kiganja cha mtu mzima. Kiganja hicho kimoja ndicho kinachotenga barabara na mfereji. Ni kitu kidogo mno hata macho huweza kukipuuza, na mtu anayetazama kutoka kwenye kiti cha gari haoni kama kipo au kimekwisha. Huona matokeo tu, pale dimbwi linapotokea mahali ambapo halikuwapo.

Adui wa pili ni ukavu. Changarawe njema ya barabara ni mchanganyiko wa kokoto, mchanga na kiasi kidogo cha udongo wa mfinyanzi unaovishika hivyo viwili. Kiangazi kinaporefuka, magurudumu husaga udongo ule ukawa vumbi, na upepo wa Isiolo huuchukua. Unaingia vifuani mwa watoto, unatua juu ya vyakula sokoni, na njia inabaki na kokoto zisizoshikana. Juu ya kokoto hizo huota vituta vya kukingama, kimoja baada ya kingine kama bati la paa, na gari zima hutetema mpaka nati zinalegea.

Watu hupenda kuwalaumu madereva wa malori kwa vituta hivyo. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio ya gurudumu lililozungushwa juu ya mchanga. Waliona kwamba vituta hujitokeza hata gurudumu likiwa halina springi, mara tu mwendo unapovuka kiwango fulani. Jambo hilo lina uzito kwangu. Lina maana kwamba uharibifu wa njia hauhitaji mtu mbaya. Unahitaji watu wa kawaida wanaopita kwa mwendo wa kawaida, kila siku, bila yeyote kurudi nyuma kurekebisha. Sote tunaoipita tunaichakaza, na deni la kuitengeneza ni la wote.

Wengi wakichoshwa hukodi greda. Mashine hiyo ina uzito wa tani 15 hivi, na bleidi yake mara nyingi ni ya mita 3.7. Inapita kwenda na kurudi, jioni njia inang'aa, watu wanasimama malangoni kuitazama kwa furaha. Sitaki kuibeza furaha hiyo, maana aliyekaa miaka miwili akirushwa ndani ya matatu anastahili kufurahi. Lakini mashine imekodiwa kwa saa, dereva wake haishi hapa, na mara nyingi huitwa kiangazi, wakati changarawe ni kavu haiwezi kushikana. Kwenye njia nyembamba, bleidi pana kama hiyo hukata bapa. Kinachokatwa husukumwa kando kikawa ukuta mdogo pande zote mbili, na mvua ya kwanza hukuta kitanda kilichotandikwa tayari kwa ajili ya mto. Mwaka unaofuata greda huitwa tena, inakata tena. Ukisimama katika njia iliyotunzwa hivyo kwa miaka mingi, utaona mizizi ya miti ya kando ikiwa usawa wa goti lako. Ardhi haikupanda. Njia ndiyo iliyoshuka.

Na kilichotoka lazima kirudishwe kutoka mahali. Barabara za changarawe hupoteza kati ya sentimita moja na tatu za unene wake kwa mwaka, kutegemea magari, mvua na mteremko. Chukua sentimita 2. Kwa njia ya kilomita moja yenye upana wa mita 4, hizo ni mita 80 za ujazo, yaani tipa kumi zinazobeba mita 8 kila moja. Kila mwaka. Tipa hizo hujazwa katika machimbo ya murram, na machimbo yako juu ya ardhi ya watu, kwa sehemu kubwa ya kaunti hii ikiwa ardhi ya jamii ambayo sheria ya mwaka 2016 inaitambua kuwa ni mali ya wale wanaoichunga. Shimo likiachwa wazi hujaa maji wakati wa mvua. Mifugo hutumbukia humo, na watoto huenda kuogelea pasipo na mtu mzima. Kwa hiyo mtu anayebakiza changarawe njiani anaiachia ardhi ya mwingine isichimbwe. Hesabu hii haionekani kwenye risiti ya duka la vyuma, lakini mimi huiona kuwa hesabu ya kwanza.

Basi kuna vyuma gani? Ambavyo mwenye trekta la kawaida la huku, tuseme Massey Ferguson la nguvu za farasi kati ya 50 na 75, anaweza kuvifunga ni vya namna tatu kuu.

Cha kwanza ni bleidi ya nyuma, chuma kirefu chenye ncha ya kukatia, kinachoning'inia kwenye mikono ya haidroliki. Uzuri wake ni kugeuka. Unaweza kuipa pembe ili changarawe iteleze kutoka ncha moja kwenda nyingine. Unaweza kuinamisha upande mmoja ukakata mtaro. Nyingine husogezwa zikafanya kazi nje ya mstari wa magurudumu. Ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayoweza kuchukua kilichosukumwa kandoni na kukirudisha katikati, kipande kwa kipande, hadi mgongo uinuke upya. Anayenunua apime upana wa trekta lake kwanza, kwa kuwa bleidi ikipewa pembe hupungua: ile ya mita 2.4 ikigeuzwa nyuzi 30 hufagia mita 2.1 hivi, na isipofunika alama za magurudumu ya nyuma kazi huwa bure.

Ila bleidi ya nyuma ina ukali wake. Imeshikamana na trekta, na kila linalolipata trekta huipata nayo. Magurudumu ya mbele yakipanda kituta, bleidi iliyo nyuma huzama. Yakitumbukia shimoni, bleidi huinuka. Kwa mikono isiyozoea, mawimbi madogo hugeuka makubwa. Dereva hana budi kwenda taratibu, kukata kidogo, kupita tena, kushuka na kutazama. Chuma hiki humfunua mtu. Mwenye haraka huandika haraka yake juu ya njia, na jirani zake huisoma kwa miguu yao mwaka mzima.

Cha pili ni bleidi ya sanduku: mbavu mbili za pembeni, ncha za kukatia, na mbele yake safu ya meno ya kuvunjia ardhi ngumu. Hukata, hubeba ndani yake, humwaga kwenye shimo. Kwa uwanja wa nyumba, kwa zizi, au kwa kuandaa mahali pa kuweka tangi la maji, sijui kifaa kizuri zaidi. Lakini njiani nina wasiwasi nacho. Kina hamu ya kuchukua, na kinachochukua hukisafirisha mbali na kilipotoka. Kwa kawaida pia hulaza njia bapa, na bapa hapa Isiolo ni mwaliko kwa maji.

Cha tatu ni fremu ya kusawazisha. Ni vyuma viwili virefu vinavyolala juu ya ardhi, na katikati yake bleidi mbili zilizowekwa mshazari. Hukokotwa ikiwa imejitegemea kwa urefu wake wote, kwa hiyo trekta likiyumba yenyewe haiyumbi sana. Kilima hukatwa, kinachokatwa huteleza mpaka kwenye bonde linalofuata, na changarawe hubaki palepale njiani. Haiwezi kuchimba mtaro, wala haiwezi kuumba mgongo ambao haupo. Lakini mgongo uliokwisha kuumbwa inaweza kuulinda kwa miaka, na kijana aliyejifunza kuendesha trekta juzi anaweza kuitumia bila kuharibu. Kipimo chake hukitoa kwenye njia yenyewe. Napenda sana sifa hiyo katika chombo, na hata zaidi katika binadamu anayepewa madaraka juu ya kitu cha watu.

Fremu ya namna hii si ya jana. Mwishoni mwa karne ya 19, mkulima mmoja wa Missouri huko Marekani, D. Ward King, alipasua gogo vipande viwili, akaviunganisha kwa vijiti, akafunga farasi na kuanza kukokota gogo hilo juu ya barabara ya udongo iliyopita mbele ya shamba lake, kila mvua ilipokoma na ardhi ingali na unyevu. Udongo uliopakwa hivyo ulijishindilia na kukauka ukiwa laini na mgumu, na mvua iliyofuata ikateleza juu yake. Hakungoja serikali ya jimbo. Habari ikaenea, akawa anaalikwa kufundisha, na mwaka 1908 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikachapisha maelezo yake kwa ajili ya wakulima wa nchi nzima. Siri yote ilikuwa katika wakati na kurudia. Gogo lilikuwa jepesi, kazi ilikuwa fupi, na lilipita mara kwa mara.

Tukiwa na mafundi wa kuchomelea tulio nao mjini, hatuhitaji hata gogo. Bleidi kuukuu ya greda, iliyochakaa kiasi cha kutofaa tena kwa mashine kubwa, bado ni chuma kigumu kuliko vyuma vingi vinavyouzwa dukani. Mbili za namna hiyo zikichomelewa mshazari kati ya vyuma viwili vya reli au vya jengo, na juu yake pakawekwa nafasi ya kupakia mawe, mtu amepata kifaa cha kumtumikia miaka mingi.

Neno juu ya mawe hayo. Kifaa chepesi huruka juu ya ardhi ngumu, na desturi mbaya imezoeleka mashambani ya kumkalisha kijana juu ya haro au fremu ili aongeze uzito. Nimeona watoto wakipanda kwa kicheko, na mtu mzima kwenye usukani akiwaruhusu. Fremu ikigonga mwamba, aliyekaa juu huangukia mbele ya chuma, na dereva anayetazama mbele hana habari. Hakuna njia, hata iwe nyoofu vipi, inayostahili mguu wa mtoto. Mawe ni ya bure Isiolo, meusi na mazito, kila upande. Mafunzo ya Uislamu, ambayo sehemu kubwa ya watu wa hapa wamelelewa nayo, huhesabu kuondoa kinachodhuru njiani kuwa ni sehemu ya imani. Anayekwangua njia huku akimhatarisha mtoto wa jirani amekiondoa kidogo na kukileta kikubwa.

Kisha kuna jambo la maji yanapokwenda. Mtu anaweza kuununua ule mgongo wa sentimita 10 kwa jasho lake lote, kisha akauelekeza mteremko kwenye ua wa mjane wa nyumba ya pili kutoka kwake. Mgongo humwaga maji pande mbili, na pande hizo zina wenyewe. Kabla bleidi haijagusa ardhi, wanaopakana na njia wanapaswa kutembea pamoja kutoka juu hadi chini na kukubaliana mitaro itoe maji wapi. Wakulima wa Kitui na Makueni wametupa mfano. Wamekuwa wakiyapokea maji ya barabara na kuyaingiza mashambani, kwenye mashimo ya miti na vidimbwi vya kuhifadhia, hata kile kilichokuwa kikichimba makorongo kikawa kinakuza maembe na mahindi. Katika nchi ambayo mtungi wa maji hununuliwa, kuyaacha maji ya mvua yaharibu njia kisha yapotelee kwenye laga ni hasara mara mbili.

Palipo na tope lisilokauka chuma hakitoshi, na mikono hurudi kazini. Kuna mbinu ya Kijapani iitwayo do-nou, ambayo imefundishwa kwa vikundi vya wananchi hapa Kenya: magunia hujazwa udongo au changarawe ya papo hapo, hufungwa, hupangwa kwenye sehemu laini na kushindiliwa, kisha hufunikwa. Kwa drifti ndogo, yaani kivuko cha chini cha njia, inayozama kila hagaya, magunia hayo huweza kufaa kuliko kupita na trekta mara nyingi.

Nimesema deni ni la wote, na najua kauli hiyo ni rahisi kuitoa kuliko kuitekeleza. Trekta ni la mmoja, dizeli ni yake, na majirani kumi hupita bure. Mwenye trekta huchoka. Lakini watu wa huku hawakuanza leo kushirikiana juu ya kitu kinachotumiwa na wengi na kuharibiwa na kutumiwa. Wenyeji wa Kiborana wana utaratibu wa kale wa visima. Kisima kina ukoo unaohesabiwa kukianzisha, lakini shughuli za kila siku husimamiwa na aba herega, ambaye hupanga zamu za kunywesha na kuhakikisha wanaonywesha wanatoa kazi: kuteka, kusafisha, kutengeneza mabirika, kuziba ua wa miiba. Malisho nayo huangaliwa na wazee wa dedha. Anayetaka maji huleta mikono yake, na asiyeleta husemeshwa. Utaratibu huo umevuka ukame mwingi kuliko mradi wowote ninaoufahamu. Sioni kwa nini njia ya kilomita moja, yenye malango kumi na mawili, isiwe na aba herega wake.

Kenya yenyewe iliwahi kulijua jambo hili kwa upande wa barabara. Mpango wa barabara za mashambani ulioanza mwaka 1974 ulijenga kwa majembe, sururu na toroli, na ujenzi ulipokwisha, kipande cha kilomita moja na nusu au mbili kilikabidhiwa mtu anayeishi kando yake, mara nyingi mmoja wa wale waliokijenga, alipwe kwa kuziba mashimo na kuzibua mitaro. Mtu yule aliijua njia yake. Alijua kalvati gani huziba kwanza na jiwe gani huchomoza baada ya mvua. Fedha zilipopungua, aliondolewa. Tukabaki na mashine zinazokuja kwa nadra, nyingine zikija karibu na uchaguzi, na ujuzi wa kipande kile ukapotea pamoja naye. Naamini huo ulikuwa uamuzi mbaya, na gharama yake tungali tunailipa.

Sasa niseme ninachokiona kuwa sawa. Kwa njia ya changarawe ya Isiolo ambayo imekwisha kulala bapa au kuzama, cha kutangulia ni bleidi ya nyuma inayogeuzwa pembe na kuinamishwa, iendeshwe na mtu mmoja mtulivu, wakati ardhi ina unyevu baada ya mvua za mwanzo, na kazi yake ya kwanza iwe mitaro, kisha mgongo. Njia ikishasimama, bleidi ipumzike, na fremu nzito ya kukokota ishike zamu, ipite baada ya kila mvua ya maana na ikate vituta hadi chini yake, maana vikiparazwa juu juu hurudi upesi. Bleidi ya sanduku iachwe kwa viwanja. Greda ikodiwe tu pale njia inapoumbwa upya kabisa, na anayeikodi atembee mbele yake akionyesha maji yaende wapi. Ikiwa fedha ni za kifaa kimoja tu, inunuliwe bleidi ya nyuma, na fremu ichomelewe baadaye na fundi wa mjini.

Na kifaa kisinunuliwe na mmoja. Wanaotumia njia wakae kabla ya Oktoba, wachange kwa kadiri ya uwezo: mwenye trekta atoe trekta, mwenye duka atoe dizeli, asiye na fedha atoe siku yake ya koleo mtaroni. Wamchague wa kupanga zamu, waandike majina, na watembee njia yote kwa miguu siku hiyohiyo, kuanzia lami hadi lango la mwisho, wakikubaliana mtaro wa kwanza utachimbwa wapi.